Mtoto Hajapata Choo: Kabla ya Kuhesabu Siku, Fungua Nepi

Mtoto ana miezi miwili na leo ni siku ya tano hajapata choo. Ananyonya kama kawaida, anakojoa, analala, akitaniwa anacheka. Lakini kila nepi inayotolewa ina mkojo mtupu, na kila anayeingia nyumbani anauliza swali lile lile na kuondoka ameacha dawa yake: huyu kasema maji ya uvuguvugu, yule kasema asali kidogo, mwingine kipande cha sabuni. Siku ya sita mtoto anajikunja, uso unamwiva, anaguna mara mbili tatu, kisha nepi inafurika uji wa njano mpaka mgongoni.

Huyo hakuwa amefunga choo hata siku moja.

Nyumba ya pili kuna mtoto wa miezi minane. Yeye anapata choo kila siku: vidonge vitatu vinne vikavu kama vya mbuzi, na kabla havijatoka analia mpaka jasho linamtoka. Wazazi wake wametulia kwa sababu hakuna siku iliyopita bure. Huyu ndiye aliyefunga choo.

Nimewaweka watoto hawa wawili mwanzoni kwa makusudi, maana makosa mengi yanayofanyika kuhusu jambo hili yanatokana na kuwabadilishana. Yule mzima anatibiwa, yule mwenye shida anaachwa. Kufunga choo ni habari ya ugumu wa choo na taabu ya kukitoa. Idadi ya siku ni nyongeza tu, na uzito wake hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo maswali ya kuanzia ni mawili: kilichomo kwenye nepi kikoje, na mtoto ana umri gani?

Maji yanavyopungua

Chakula kinapomaliza safari ya utumbo mwembamba bado ni kimiminika. Mabaki huingia utumbo mpana, na kazi moja kubwa ya utumbo huo ni kuyarudisha maji mwilini. Mabaki yakikaa sana, maji huendelea kunyonywa. Ndiyo maana choo kilichochelewa huwa kikavu, na kikishakuwa kikavu huchelewa zaidi kwa sababu hakitelezi. Maziwa ya mama yanauvunja mzunguko huu kwa namna yake. Yanasagika karibu yote, kwa hiyo mabaki ni machache. Tena yana sukari za aina ya pekee ambazo mtoto hawezi kuzisaga. Sukari hizo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, zikalisha bakteria walioko huko na kukifanya choo kibaki laini. Ndiyo sababu yule wa miezi miwili alikaa siku sita na bado akatoa uji.

Safari ikifika mwisho, kwenye puru, kuna milango miwili. Wa ndani ni misuli inayojifungua yenyewe choo kikifika. Mtu hana amri nao. Wa nje ni misuli inayosubiri amri. Mtu mzima hufanya mambo mawili kwa pamoja bila kufikiri: anakaza tumbo na kulegeza mlango wa nje. Mtoto mchanga bado hajajifunza kuyaunganisha. Anakaza tumbo, na mlango nao anaukaza. Anasukuma ukuta. Juu ya hayo amelala chali, uzito wa choo haumsaidii, na misuli ya tumbo lake ni midogo.

Hapo ndipo panapozaliwa tamasha linalowatisha wazazi wapya: mtoto anageuka mwekundu, ananyanyua miguu, analia, anaguna dakika kumi, ishirini, kisha choo kinatoka laini kabisa. Madaktari wa matumbo ya watoto wana jina lake la kitaalamu, na vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo hutumika duniani kote kuyapambanua matatizo ya namna hii, vinaieleza hali hiyo hivi: mtoto wa chini ya miezi 9, asiye na ugonjwa mwingine, anayejikamua na kulia angalau dakika 10 kabla ya kupata choo laini, au kabla ya kushindwa kukipata. Haihitaji dawa. Ni somo analojifunza mwenyewe, na wengi huhitimu baada ya wiki chache.

Ninachowaomba wazazi hapa ni kuzuia mikono. Wapo wanaoingiza ncha ya kipimajoto au kijiti cha pamba ili kumsaidia, na kweli choo hutoka. Tatizo ni kwamba mwili wa mtoto unazoea kusubiri msaada huo badala ya kujifunza kulegea, na ngozi ya pale ni laini, huchanika upesi. Kulia wakati wa kusukuma ni sehemu ya kusukuma kwenyewe: kilio hukaza tumbo.

Umri hubadilisha jibu

Kuna kipindi ambacho lazima uhesabu, na ni kile cha mwanzo kabisa. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami. Watoto wengi waliozaliwa kwa kutimiza miezi hukitoa ndani ya saa 24, na ifikapo saa 48 karibu wote wameshakitoa, takriban 99 katika kila 100. Asiyekitoa ndani ya siku hizo mbili anapaswa kuonwa na daktari hata kama anaonekana hana shida. Hapa hesabu ya saa ina maana kubwa kuliko ulaini.

Sababu mojawapo inayotafutwa ni ugonjwa wa Hirschsprung, ambao hupata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, na wavulana zaidi ya wasichana. Jina limetokana na Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, ambaye mwaka 1886 aliwaeleza wenzake mjini Berlin habari za watoto wawili waliofariki baada ya kuteseka kwa kufunga choo na kuvimba tumbo. Alipowapasua alikuta utumbo mpana umetanuka kupita kiasi, akaamini kwamba pale palipotanuka ndipo penye ugonjwa. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini kugundulika kwamba mkosaji alikuwa chini yake, kwenye kipande chembamba kilichoonekana kizima. Kipande hicho hakina seli za neva. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, seli hizo husafiri kutoka juu ya utumbo kwenda chini. Zikikwama njiani, sehemu ya mwisho hubaki imekaza daima, haiwezi kulegea ili kupitisha kitu. Sehemu ya juu hutanuka kwa kurundikiwa mzigo. Mwaka 1948 Orvar Swenson, daktari wa upasuaji wa Marekani, alichapisha upasuaji wa kukiondoa kipande kile chembamba na kuunganisha utumbo wenye afya na njia ya kutokea, na tangu hapo ugonjwa uliokuwa ukiua ukawa unatibika. Ukigunduliwa mapema. Ndiyo maana zile saa 48 zinatiliwa mkazo.

Wiki za mwanzo bado ni za kuhesabu, ila kwa sababu nyingine. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, husukuma choo cheusi kitoke. Kufikia siku ya nne au ya tano, mtoto anayenyonya vizuri huwa ameshahamia kwenye rangi ya njano, na wengi huchafua nepi mara tatu, nne au zaidi kwa siku. Mtoto wa wiki mbili anayenyonya ziwa tu na hapati choo kwa siku kadhaa, jambo la kwanza la kuuliza ni kama maziwa yanaingia. Kisichoingia hakitoki. Tazama mkojo: baada ya wiki ya kwanza nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku ni dalili njema. Tazama uzito: watoto wengi hupungua kidogo baada ya kuzaliwa, kisha huurudia uzito wao wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Ikiwa mkojo ni haba na uzito hausongi, dawa ya choo haitasaidia chochote. Anayehitajika ni mtu wa kutazama jinsi mtoto anavyoshika ziwa.

Kisha, karibu na wiki ya sita, mambo hugeuka. Mtoto yule yule aliyekuwa akichafua nepi kila anaponyonya ananyamaza siku tatu, tano, saba, wengine hata zaidi. Ikiwa ananyonya, anakua, tumbo ni laini na choo kikija ni laini, huna la kutibu. Andaa nepi za kutosha tu.

Maziwa ya kopo na kijiko chake

Mtoto wa maziwa ya kopo huwa na choo kizito zaidi, na siku anazokaa bila choo huwa chache kuliko za anayenyonya ziwa. Kufunga choo kikweli kwa mtoto aliye chini ya miezi sita huonekana zaidi kwa hawa kuliko kwa wanaonyonya ziwa. Sehemu ya maelezo iko kwenye mafuta. Asidi moja ya mafuta iliyomo kwenye maziwa ya mama imefungwa kwa namna ambayo utumbo unaifyonza kirahisi. Katika maziwa mengi ya kopo, hasa yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mawese, asidi hiyo hiyo huachia upesi, ikakutana na kalsiamu na kufanya kitu kama sabuni ngumu, na sabuni hiyo hutoka na choo. Ndiyo maana mtoto mmoja hubadilika akibadilishiwa kopo na mwingine asibadilike.

Lakini kabla ya kulaumu kopo, tazama kijiko. Kijiko hujazwa na kusawazishwa, hakishindiliwi wala hakifanywi mlima. Maji hutangulia kwenye chupa, unga hufuata. Ukitanguliza unga ukajazia maji mpaka kwenye alama, maji yamepungua bila wewe kujua. Na kila kopo lina kijiko chake: cha chapa hii hakipimi sawa na cha chapa ile. Maziwa mazito kupita kipimo hukausha choo na kuzielemea figo. Kuyafanya mepesi ili choo kilegee nako ni hatari, mtoto anashiba maji na kukosa chakula. Nimeona watu wakibadilisha chapa nne mfululizo na kosa likiwa kwenye mkono ule ule unaochota.

Uvumi mwingine wa kuuweka kando ni kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye maziwa ya kopo ndiyo yanayofunga choo. Tafiti zilizolinganisha maziwa yenye chuma kingi na yenye chuma kidogo hazikuona tofauti ya maana kwenye choo. Kuhamia kwenye yenye chuma kidogo hakumpi mtoto choo laini. Kunamweka kwenye hatari ya upungufu wa damu.

Pale kijiko cha kwanza cha chakula kinapoingia

Kipindi ambacho kufunga choo huanza kwa wengi ni baada ya miezi sita, chakula kinapoanza. Utumbo uliozoea maziwa unakutana na wanga, maji yanapungua, na choo kinabadilika rangi, harufu na uzito. Mabadiliko hayo peke yake ni ya kawaida. Kinachokuwa tatizo ni mlo wa aina moja: uji mweupe wa nafaka iliyokobolewa asubuhi, mchana na jioni, bila tunda, bila mboga, bila jamii ya kunde, na bila maji.

Kuanzia miezi sita, mtoto anayekula anaweza kupewa maji safi kidogo kidogo pamoja na chakula, akaendelea kunyonya. Matunda kama plamu, peasi na pichi yana sukari iitwayo sobitoli, ambayo haifyonzwi vizuri na hivyo huvuta maji kwenda kwenye utumbo. Ndiyo siri ya sifa zao. Njegere, maharage yaliyopondwa vizuri, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa huongeza nyuzinyuzi. Usizidishe kwa pupa. Nyuzinyuzi bila maji ni sawa na kurundika pamba kwenye bomba. Ndizi zina sifa mbili zinazopingana kwa sababu: ikiwa haijaiva sawasawa ina wanga mgumu kusagika na huweza kukaza, ikiiva hadi kuwa na madoa wanga mwingi umeshageuka sukari.

Maziwa ya ng'ombe yana sura yake. Kabla ya mwaka mmoja hayafai kuwa kinywaji kikuu cha mtoto. Baada ya hapo, mtoto anayekunywa chupa baada ya chupa hushiba maziwa na kukataa chakula, na anayekataa chakula hukosa nyuzinyuzi na chuma kwa mpigo. Tena kuna kundi dogo la watoto ambao protini ya maziwa hayo ndiyo inayowafunga choo. Daktari akishuku hivyo, huagiza yaondolewe kwa wiki mbili hadi nne na kutazama kama choo kinabadilika. Jaribio hili lifanywe kwa usimamizi, maana kumwondolea mtoto maziwa bila mbadala wa kueleweka ni kumpunguzia lishe.

Mtoto anayezuia

Choo kigumu kikitoka mara moja kwa maumivu, mtoto anakumbuka. Safari ijayo akihisi mwito, anaukaza mlango wa nje kwa nguvu zake zote mpaka mwito upite. Choo kinarudi kusubiri, maji yanazidi kunyonywa, kinakuwa kikubwa na kigumu zaidi, na kikitoka kinauma kuliko cha kwanza. Mduara umefungwa. Jambo hili huonekana zaidi mtoto anapokaribia mwaka na kuuvuka, ila mbegu yake mara nyingi ni ile wiki moja ya homa au ya kubadilishiwa chakula ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

Wazazi wengi huusoma mduara huu kinyume. Wanamwona mtoto amesimama kwa vidole vya miguu, amebana mapaja, mgongo umekakamaa, uso umeiva, wanasema anasukuma. Anazuia. Anapigana asitoe. Wengine hujificha nyuma ya kiti au pazia. Na mzigo ukishakuwa mkubwa sana, choo chepesi cha juu hupenya pembeni mwake na kuchafua nepi mara kwa mara. Mzazi anadhani ni kuhara, anatafuta dawa ya kuzuia kuhara, na hali inaharibika zaidi.

Alama nyingine ya kawaida ni mstari wa damu nyekundu mbichi juu ya choo kigumu au kwenye kitambaa cha kufutia. Mara nyingi ni mchaniko mdogo wa ngozi, na hupona choo kikilainika. Hata hivyo damu haitambuliwi kwa kubahatisha; ionwe na mtaalamu.

Cha kufanya, na cha kuacha

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya na ambaye choo chake ni laini, kazi ni kumnyonyesha na kungoja. Unaweza kumlaza chali na kumwendeshea miguu kama anayepiga baiskeli, au kumkanda tumbo taratibu kwa kufuata njia ya utumbo mpana: anzia chini upande wake wa kulia, panda hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto kwake, shuka. Maji ya kuoga ya uvuguvugu nayo hulegeza misuli. Sitadai kwamba haya ni tiba kubwa, lakini hayana madhara, mtoto huyapenda, na yanaipa mikono ya mzazi kitu cha kufanya badala ya kwenda kutafuta sabuni.

Maji matupu kwa mtoto huyu, hapana. Figo zake bado changa, haziwezi kutoa maji mengi upesi. Yakizidi, chumvi ya damu huchujuka, na matokeo yake yanaweza kuwa degedege. Maziwa ya mama yenyewe sehemu kubwa ni maji. Wa maziwa ya kopo mwenye choo kigumu kweli, aliyevuka mwezi mmoja, baadhi ya madaktari humwandikia juisi halisi ya tofaa au peasi kwa kipimo kidogo na kwa siku chache, kwa sababu ya ile sobitoli. Hiyo ni dawa, ichukuliwe kama dawa: kwa ushauri, kwa kipimo, kisha iachwe.

Chakula kisipotosha baada ya miezi sita, zipo dawa. Laktulosi ni sukari isiyofyonzwa; hufika utumbo mpana ikiwa nzima na kushikilia maji humo, na hutumika hata kwa watoto wachanga daktari akiona inafaa. Mwongozo wa mwaka 2014 wa vyama vya madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini unaitanguliza polietilini glikoli, unga usio na ladha kali unaofanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kushika maji, na pale isipopatikana laktulosi ndiyo mbadala. Kidonge cha gliserini cha kuingizwa nyuma kinaweza kumwokoa mtoto mara moja moja, kwa maelekezo, lakini hakifai kuwa mazoea.

Kosa kubwa la dawa hizi ni kuziacha mapema. Choo laini cha kwanza kinatoka, furaha inatanda, chupa inarudishwa kabatini. Mduara wa kuzuia haukatiki kwa choo kimoja. Mtoto anahitaji wiki nyingi za kutoa choo bila maumivu ndipo asahau. Mwongozo ule unasema matibabu yaendelee angalau miezi miwili, na dalili ziwe zimekwisha kwa angalau mwezi mzima kabla ya kuanza kupunguza dozi, tena polepole. Hofu kwamba utumbo utakuwa mvivu haina msingi kwa dawa za aina hii: zinashika maji tu, hazikamui utumbo.

Sasa yale ya kuacha. Sabuni huunguza ngozi ya ndani. Dawa za kulainisha choo za watu wazima hazina kipimo cha mtoto mchanga. Mafuta ya madini yakipaliwa huingia mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Bomba la maji ya fosfeti, lile la kuingizwa nyuma, linaweza kuvuruga chumvi za mwili wa mtoto kwa kiwango cha kuua. Mchanganyiko wa mizizi na majani unaoingizwa kwa bomba haujulikani nguvu yake, na ini na figo za mtoto ndizo zitakazolipa.

Asali nimeiweka peke yake kwa sababu ina kejeli chungu ndani yake. Hutolewa ili kulainisha choo. Lakini asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo hazifi kwa joto la kawaida la kupikia. Mtu mzima akizimeza hazimfanyi kitu. Bakteria wa tumbo lake hawaziachii nafasi. Utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 bado hauna ulinzi huo, mbegu huchipua humo na kutoa sumu inayopoozesha misuli. Na dalili ya kwanza, mara nyingi, ni kufunga choo. Baadaye kilio kinakuwa dhaifu, kunyonya kunalegea, kope zinashuka, shingo inakosa nguvu. Kwa hiyo asali inaweza kuleta kile kile ilichopewa kuondoa, na mzazi asiyejua akaongeza kijiko cha pili. Kabla ya mwaka mmoja, asali isiguse ulimi wa mtoto.

Usiku huu huu, usingoje kesho

Matapishi ya kijani ni dharura. Yana nyongo, na nyongo ikirudi juu maana yake huenda utumbo umeziba au umejisokota. Vivyo hivyo tumbo lililovimba na kukaza kama ngoma, homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, damu nyingi kwenye choo, au mtoto aliyelegea asiyetaka kunyonya. Mwenye udhaifu wa kope na shingo niliouelezea naye yumo humu, awe amewahi kulishwa asali au la.

Zipo dalili ambazo hazihitaji kukimbia usiku lakini zinahitaji daktari wiki hii: mtoto asiyeongezeka uzito, choo chembamba kama utepe kila mara, choo kigumu kilichoanza tangu siku za kwanza za maisha, kishimo kirefu au kishungi cha nywele chini ya mgongo, miguu isiyo na nguvu, au njia ya haja iliyokaa mahali pasipo kawaida. Mbili za mwisho kabla ya njia ya haja zinaelekeza kwenye uti wa mgongo, ambako neva za puru zinatokea. Mtoto aliyepoa kupita kiasi, analala sana, ngozi kavu, sauti nzito, anaweza kuwa na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, na hilo hupimwa kwa damu tu.

Ukienda, daktari atataka kujua choo cha kwanza kilitoka saa ngapi baada ya kuzaliwa, mtoto anakula na kunywa nini, shida ilianza lini na nini kilibadilika wiki hiyo, na umeshampa nini nyumbani, pamoja na vile ambavyo unaona haya kuvitaja. Atauliza pia choo kikoje, na hapo maneno huwaishia wengi: kigumu kiasi gani, kikubwa kiasi gani, rangi ipi? Piga picha ya nepi kwa simu uende nayo. Daktari wa watoto ameshaona nyingi, na yako ataikuza kwa vidole viwili bila kukunja uso.